Piki ya zamani, vipuri vya piki nyingine: maswali ninayoulizwa kila mara hapa Goma

Wanaouliza ni wenye Yamaha AG100 au DT125 iliyoachwa na shirika fulani, wenye Honda CG125 ya baba, na wenye Senke iliyochoka kubeba watu. Kipuri chake cha asili hakipatikani, au kinapatikana kwa bei ya kununulia mbuzi wawili, lakini piki za TVS na Boxer zilizokufa zimejaa mjini. Majibu haya ni ya mtu anayefanya kazi uani kwake, mwenye funguo za kawaida, anayemfahamu fundi mmoja wa kuchomelea na mmoja wa kukereza vyuma.

Nianzie wapi?

Breki, kisha umeme, kisha magurudumu. Injini iwe ya mwisho.

Najua karibu kila anayekuja anataka kuanza na injini. Lakini tazama barabara zetu: kutoka Ndosho hadi Katindo hakuna anayeshindwa kukimbia, wanashindwa kusimama. Piki inayotembea polepole lakini inasimama pale unapotaka ni piki nzuri tayari.

Nitajuaje kama kipuri cha piki nyingine kitaingia kwenye yangu?

Kwa kupima. Neno la muuzaji, "hiyo inaingia kwa zote", lisikutoe pesa mfukoni. Nunua kipimo cha vernia, hata kile cha plastiki, uende nacho sokoni pamoja na kipuri chako cha zamani mkononi.

Vitu vitatu vinakutosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Cha kwanza ni namba ya beringi, iliyochorwa ubavuni mwake. Tarakimu mbili za mwisho zinakuambia unene wa ekseli: 01 ni milimita 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa 5, kwa hiyo 04 ni 20. Beringi ya 6301 ina tundu la milimita 12 na kipenyo cha nje cha 37. Ile ya 6202 ina tundu la 15 na nje 35. Ukishajua hilo, unasimama mbele ya rundo la magurudumu na unajua lipi litapokea ekseli yako bila kumuuliza mtu.

Ekseli ikiwa nyembamba kuliko tundu, mkereza vyuma anakutengenezea bushi. Mfano ekseli ya 12 kwenye beringi ya 6302, ambayo tundu lake ni 15: bushi ya chuma yenye ukuta wa milimita moja na nusu, iliyokerezwa iingie kwa kubana. Usikubali bushi ya kipande cha kopo kilichokunjwa. Inashika wiki ya kwanza, kisha gurudumu linaanza kucheza na ekseli inaliwa.

Cha pili ni uzi wa bolti. Piki za Kijapani, na za Kichina zilizozifuata, zinatumia sana bolti ya milimita 10 yenye uzi wa 1.25. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi utapewa ya milimita 10 yenye uzi wa 1.5. Kwa macho ni mapacha. Itaingia mizunguko miwili, itakaza, kijana atachukua bomba kurefusha ufunguo, na uzi wa ndani ya injini umekwisha. Bolti isiyoingia kwa vidole mizunguko minne au mitano ya kwanza si yake.

Cha tatu ni urefu kati ya sehemu mbili: kutoka tundu hadi tundu la amortisa (shokomzoba), kutoka ubavu hadi ubavu wa uma wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma). Huu pima mara mbili, maana ndio unaotusumbua kuliko yote.

Nahitaji vifaa gani?

Funguo za 8, 10, 12, 14, 17 na 19, bisibisi ya kugonga kwa nyundo (skrubu za Kijapani za kale hazifunguki kwa bisibisi ya kawaida, zinaliwa kichwa), multimeta, vernia, na turubai. Turubai si anasa. Nati ikidondoka kwenye changarawe nyeusi ya lava, umeiaga.

Nimepata gurudumu la nyuma la piki nyingine, zima kabisa. Naliweka?

Unaweza, na ni mabadiliko mazuri, kwa sababu gurudumu zima linakuja na breki yake na kurone yake (duara la meno la cheni, la nyuma). Lakini hapa ndipo panapoumiza watu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ndani ya breki ya ngoma kuna sahani iliyobeba viatu vya breki. Unapokanyaga, viatu vinashika ngoma inayozunguka, na ngoma inataka kuizungusha sahani pamoja nayo. Kinachoizuia ni fimbo ya chuma inayoifunga sahani kwenye uma wa nyuma, au kwenye piki nyingine, kijino cha uma kinachoingia kwenye mfereji wa sahani. Gurudumu lako jipya likitoka kwenye piki ya fimbo na uma wako ni wa kijino, hakuna kitakachoshika. Watu wanafunga kwa waya. Wengine wanaacha hivyo hivyo, kwa kuwa uani piki inasukumwa na breki inaonekana inafanya kazi. Siku utakapokanyaga kwa nguvu ukishuka na mzigo, sahani itazunguka, itavuta fimbo ya kanyagio, na gurudumu litajifunga lenyewe. Hutaliachia kwa kutoa mguu.

Kwa hiyo kabla ya kufurahia gurudumu, tafuta mahali pa kufunga fimbo hiyo. Kama uma hauna, chomelea sikio la chuma nene cha milimita 6, tumia bolti ngumu yenye namba 8.8 kichwani, na nati yake uitobolee pini ili isifunguke. Fimbo iende karibu sambamba na uma, isisimame wima.

Halafu mstari wa cheni. Weka ubao ulionyooka kwenye uso wa kurone na uangalie kama unafika kwenye pinyo ya mbele (duara dogo la meno kwenye injini) bila kupinda. Ikiwa kurone imetoka nje kwa milimita 3, unaweza kulisogeza gurudumu zima kwa kubadili bushi za kando, lakini basi gurudumu la nyuma halifuatani tena na la mbele. Nafuu ni kuikereza kurone mgongoni, au kuiwekea ringi nyuma yake kama imeingia ndani, na kuliacha gurudumu katikati. Kuhakikisha, chukua uzi mrefu wa mwashi, uuzungushe nyuma ya tairi la nyuma na uuvute mbele pande zote mbili huku usukani umenyooka. Nafasi kati ya uzi na tairi la mbele iwe sawa kushoto na kulia.

Na breki ya diski kwa mbele?

Ndiyo, lakini chukua mbele yote kutoka piki moja: foku (miguu miwili ya mbele), T ya juu na ya chini zinazoishika, gurudumu, diski, kalipa inayoibana diski, paipu na pampu ya kwenye usukani. Anayechukua kalipa huku na pampu kule anaishia na mkono wa breki mgumu usiobana, au laini unaogusa usukani, kwa sababu pistoni ya pampu na ya kalipa zilipangwa kwa pamoja kiwandani.

Kinachobaki ni ule mhimili wa T ya chini kuingia kwenye shingo ya shasi yako. Pima urefu wa shingo, na vikombe vya beringi juu na chini. Mara nyingi mhimili unatofautiana kidogo, na kuna njia mbili: kutafuta beringi ambayo nje ni ya shasi yako na ndani ni ya mhimili mpya, au kuutoa mhimili wako wa zamani kwa presi na kuuingiza kwenye T mpya. Hii ya pili ni kazi ya mkereza vyuma, na mhimili ukishaingia kwa kubana, uzuiwe pia kwa pini au kwa mchomeleo wa mtu anayejua. Mhimili ukichomoka, usukani wako umeachana na piki. Ndiyo sababu sipendi kuona kazi hii ikifanywa na mtu wa kwanza aliye barabarani mwenye mashine ya kuchomelea.

Mafuta ya breki ni DOT 3 au DOT 4, jinsi kifuniko kinavyosema. Mafuta ya injini humo ndani yanavimbisha raba za pampu na breki inakwama. Nimeona hata mafuta ya kupikia. Sina la kusema.

Nataka kuinua piki kwa amortisa na foku ndefu. Kuna shida?

Ya nyuma ikiwa ndefu, usukani unakuwa mwepesi na wenye wasiwasi. Foku ya mbele ikiwa ndefu, unakuwa mzito na piki inachelewa kukata kona. Ukiinua pande zote kwa kiasi kilekile, tabia inabaki karibu na ya awali, ila stendi ya ubavuni itakuwa fupi na cheni itakwaruza uma. Sentimita 2 au 3 zinatosha kwa mawe ya lava. Zaidi ya hapo unatafuta picha, hutafuti piki.

Kwa wanaobeba makala (mkaa) na bidoni, urefu hauhitajiki kabisa. Wekea springi nene za piki nzito kwenye amortisa zako, mradi kipenyo cha ndani kiwe kimoja na zikae vizuri kwenye vikombe vyake.

Cheni ya 420 na ya 428 si ni moja?

Hapana. Hatua yake ni moja, milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, ndiyo maana ya 428 inakaa kwenye meno ya 420 na watu wanadhani wamefanikiwa. Upana ndio tofauti. Ya 428 juu ya meno ya 420 inayumba na kuyala ubavuni, na ya 420 juu ya meno ya 428 haishuki hadi chini. Ya 520 ni nyingine kabisa, hatua yake ni 15.875.

Kama unataka nguvu za kupanda, hapa ndipo pa kuzipata kwa bei ndogo kuliko injini yoyote. Pinyo ya meno 15 na kurone ya 42 zinakupa 2.8. Weka pinyo ya 14 ukaiache kurone, unapata 3. Weka 14 kwa 45, unapata 3.2. Piki ileile iliyokuwa inalia kwenye vilima vya kuelekea Masisi inapanda kwa gia ya pili bila kelele, na unachopoteza ni mwendo wa mwisho ambao barabara zetu hazikupi nafasi ya kuutumia. Ukibadili, badili vyote vitatu pamoja: pinyo, kurone na cheni.

Cheni isikazwe kama kamba ya kuanikia nguo. Akae mtu juu ya piki, kisha cheni ya chini, katikati, icheze sentimita 2 hadi 3. Vumbi la hapa ni jiwe la volkeno lililosagwa, linachanganyika na grisi na kukwangua, kwa hiyo mafuta membamba, mara kwa mara, na kupangusa. AG100 ilitoka na kasha linalofunika cheni yote. Mwenye nalo asilitupe ili piki "ionekane ya kisasa".

Injini ya 150 kwenye piki ya 125?

Kama piki yako ni ya familia ya CG, ni rahisi kuliko unavyodhani. Honda iliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo piki inachapwa kazi na kutunzwa kidogo, na viwanda vya China viliiga muundo huo kwa wingi. Soma namba ubavuni: 156FMI ni silinda moja ya kipenyo cha milimita 56.5, ya 125. 162FMJ ni ya milimita 62, yaani 150. Mwendo wa pistoni kwenye zote mbili ni 49.5. Matundu ya kufungia kwenye shasi mara nyingi yanalingana, au yanahitaji kipande kimoja cha chuma kilichotobolewa upya.

Kwenye DT au AG, ambazo ni za mipigo miwili, hesabu inabadilika. Kuweka injini ya CG humo kunadai vishikizo vipya, ekzosi mpya, umeme mpya, na mara nyingi cheni inahamia upande usiotarajiwa. Inawezekana, nimeiona ikitembea. Lakini kwa pesa hiyo ungepata Boxer iliyotumika inayotembea tayari. Fanya kama unaipenda ile piki. Usifanye ukidhani unaokoa.

Tahadhari moja kwa wenye mipigo miwili: Yamaha hizi zina pampu inayopeleka oili kwenye injini, na waya wake unavutwa pamoja na waya wa gesi. Ukiweka kabureta au mkono wa gesi wa piki nyingine, waya wa pampu unaweza kubaki umelegea. Injini itawaka vizuri, itapendeza, kisha itakauka na pistoni itashika. Hakikisha alama ya pampu inafika mahali pake, au ifunge pampu na uchanganye oili kwenye petroli mwenyewe, mililita 40 kwa lita moja kwa injini ya kale.

Nimeweka kabureta ya piki nyingine. Inatoa moshi mweusi na inakula petroli.

Kabureta nyingi zilipangwa kwa mtu wa pwani. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa takribani asilimia 14. Petroli inabaki ileile, hewa inapungua, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito. Nguvu kidogo utaipoteza tu, hakuna wa kuirudisha. Lakini moshi na ulaji unarekebishwa: shusha jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta) kwa namba moja au mbili, au shusha sindano kwa kuupandisha ule ubati wake mfereji mmoja.

Kisha tembea kwa gesi nzito kama dakika tano, zima injini na uvute klachi hapohapo, toa buji (plagi ya cheche). Rangi ya kahawia ni njema. Nyeusi ya masizi, bado mzito. Nyeupe, simama: mchanganyiko ni mwepesi na injini inaungua. Anayeshuka na mzigo kuelekea Walikale asisahau kwamba huko chini hewa inaongezeka, na jeti iliyokuwa sawa Goma inaweza kuwa ndogo mno.

Kabla ya kugusa jeti yoyote, angalia raba kati ya kabureta na injini. Kabureta ya piki nyingine karibu kila mara inaacha upenyo hapo. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio. Mlio ukibadilika, hewa inapenya. Usitumie petroli kwa kipimo hiki, tafadhali.

Na chujio la hewa libaki. Wanaolitoa ili injini "ipumue" wanaipumulisha lava. Petroli ya kwa kadhafi, wauzaji wa kando ya barabara, nayo ina mambo yake: weka kichujio kidogo kwenye paipu, kile cha kuonekana ndani, na uangalie kama kuna maji chini.

Kabureta kubwa inaongeza nguvu?

Kwa injini isiyobadilishwa, hapana. Inaongeza ulaji.

CDI ya piki nyingine inafanya kazi?

CDI ni kisanduku kinachotuma umeme wa cheche. Kuna aina mbili, na plagi kulingana si ushahidi. Moja inalishwa na koili iliyo ndani ya magneto (jenereta ndogo inayozungushwa na injini), nyingine inalishwa na betri. Kujua yako: toa waya wa betri, piga kiki. Ikitoa cheche, ni ya magneto. Ukiweka ya magneto kwenye piki ya betri haitatoa cheche, na ya betri kwenye piki ya magneto unaweza kuichoma.

Piki nyingi za miaka ya 1970 na baadhi za 1980 ni za volti 6. Ukitaka 12, ni seti nzima: magneto au koili zake, regyuleta (kidhibiti cha volti), betri, taa zote na honi. Ukimaliza, pima kwenye betri injini ikiwa imechangamka: volti 13.5 hadi 14.5. Ikipita 15, regyuleta haifanyi kazi na betri itachemka. Weka fyuzi karibu na betri. Waya ziunganishe kwa risasi na uzifunike, maana kusokota na kufunga kwa selotepu hakumalizi msimu mmoja wa mvua hapa.

Buji yoyote si sawa?

Kwa NGK, herufi ya kwanza ni kipenyo cha uzi: B ni milimita 14, D ni 12, C ni 10. Urefu wa uzi ni E kwa milimita 19 na H kwa 12.7. Uzi mrefu kwenye kichwa kifupi, pistoni inagonga buji. Tarakimu ikipanda, buji ni ya baridi zaidi.

Nikichomelea shasi mwenyewe?

Toa betri na CDI kwanza. Toa tangi, lipeleke mbali, na usiliruhusu fundi alichomelee kwa sababu "ni tupu": tupu ndilo baya zaidi, limejaa mvuke. Lioshwe na kujazwa maji hadi ibaki sehemu ndogo tu ya kuchomea. Shingo ya usukani na sehemu ambazo uma wa nyuma umefungwa, mpe mtu ambaye umeona kazi yake ikitembea mwaka mzima. Kerio, vishikizo vya tangi, sikio la kiti, jifunzie hapo.

Na karatasi?

Namba ya shasi isiguswe, isipigwe rangi nzito, isichomelewe juu yake, kwa kuwa ndiyo utambulisho wa piki kwenye carte rose, kadi yake ya usajili. Ukinunua injini iliyotumika, dai karatasi ya mauzo yenye namba ya injini na sahihi ya muuzaji. Asiyetaka kuandika, mwache na injini yake.

Nikimaliza, nitajaribu vipi?

Si kwa kwenda Sake siku ya kwanza. Zunguka mtaani bila abiria, rudi, gusa vitovu vya magurudumu kwa mkono. Kinachochoma kina breki inayokwaruza au beringi iliyobanwa. Kaza upya kila nati uliyofungua. Rudia kesho yake. Na badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, usije ukaweka kabureta, CDI na ekzosi Jumamosi moja kisha unipigie simu Jumapili kuniuliza kipi kinaifanya ikohoe.

Andika daftari: beringi za mbele namba gani, gurudumu la piki gani, viatu vya breki vya piki gani, cheni ya pete ngapi. Kipuri kitakapokwisha, jina la piki yako halitamsaidia muuzaji. Ukurasa huo ndio utakaomwonyesha.